Filamu Iliyofukizwa Udi

Ami Nasr, jirani yangu hapa mtaa wa Mabela, alizaliwa Unguja, akasomea uhandisi Chekoslovakia, akazeekea Maskati. Unguja walimwita Mwarabu. Huku wakamwita Mzinjibari. Mahali pekee ambapo hakuulizwa kwao wapi, aliniambia, ni ukumbi wa sinema wa Praha, walipoonesha kichekesho kifupi cha zamani: bwana mmoja anapandisha kabati ngazini, kila ghorofa linakwama, na akifika juu anagundua jengo silo. Hakuna neno linalosemwa. Lugha yao ilikuwa bado haijamkaa, lakini alicheka pamoja na ukumbi mzima, na mama aliyekaa pembeni akamshika bega kwa kicheko.

Fundi wa ukumbi alimpa nakala ya filamu hiyo iliyochakaa. Akaitunza ndani ya kopo la bati maisha yake yote, bila mashine ya kuioneshea. Mjukuu wake, Manal, aliitafuta mtandaoni asiipate popote. Ndipo akampata mtu mtaa wa Al Khoudh wa kuihamishia kwenye kompyuta. Mzee akawaalika wanawe wote Ijumaa. Alitaka kitu kimoja tu: wacheke naye.

Lilipofunguliwa, bati likatoa harufu kali ya siki, kama filamu za kale zinavyofanya. Khawla, mke wa mwanawe, akaona haya. Kwetu kitu hakitoki kwenda kwa watu kikinuka. Akaikunjua filamu, akaitandaza juu ya tenga la kufukizia nguo, akaweka chetezo chini na makaa ya kutosha.

"Baba, nimekufukizia kwa udi wangu wa harusi," akamwambia kwa furaha. "Sasa hutoaibika."

Kwa joto la makaa, filamu ilikuwa imejikunja na kugandana. Mtu wa Al Khoudh aliitazama, akasema haifai tena, akairudisha ndani ya bati. Mzee hakumgombeza Khawla, angemgombezaje? Hasira nilikuwa nazo mimi, na ninazo bado.

Ijumaa watoto wakaja, nami nikaalikwa, wali ukaliwa, mzee akaanza kusimulia. Kisa cha kabati kikitiwa maneno hakichekeshi. Wakatazama simu zao. Basi akainuka, akajitwisha mto wa kochi, akapanda ngazi akihema, akikwama, akigeuka. Kanzu ikamnasa mguu, akaanguka kitako.

Hapo ndipo walipocheka, machozi yakiwatoka. Manal peke yake hakucheka.

"Yule mama alinishika bega," akasema mzee, bado yuko chini.

Kwa kelele zile, hakuna aliyemsikia ila mimi.