Karai Chini ya Vioo

Hapa Migwani natengeneza vifuniko vya taa kwa vioo vya rangi. Ili vipande vikae mviringo ninapoviunganisha, navipanga juu ya karai nililolipindua, lililobaki kwangu baada ya harusi ya dada yangu.

Mama Mueni, jirani yangu, akaanza kuchungulia mlangoni kila siku, macho kwenye hilo karai. Nikajua anataka kuniibia ujuzi. Mimi mjanja, kila akitokea nalirushia gunia.

Jana, mbele ya wateja, nikamwambia, "Mama Mueni, ukitaka kazi yangu sema tu, usiibe kwa macho."

Akaondoa vioo taratibu, akaligeuza karai. Ndani, kando ya mkono, jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu.

"Nilikuwa naona haya kukuuliza," akasema.