Koki ya Baba Mkwe

Mimi ni mhitimu wa kisomo cha jioni, na ukinipa nafasi nitakwambia nilifaulu kwa alama ambazo mwalimu mwenyewe hakuwahi kuzipata. Tulisoma watu wazima chungu nzima kwa mwanga wa karabai moja, ndevu zikigusana juu ya kitabu. Siku karabai ile ilipopasuka tangi, wenzangu walisikitikia masomo. Mimi niliomba nipewe maiti yake. Mke wangu aliponiona naingia nayo alishika kiuno.

"Sasa huo uchafu wa nini, baba?"

"Hii ni shaba, mama. Shaba haifi."

Mchana nilikuwa fundi wa hospitali, huko Iramba. Nilitengeneza vitanda, magurudumu ya machela na stovu za kuchemshia sindano. Siku moja sista wa wodi ya wanaume, mama mnene mwenye sauti ya kusimamisha basi la Kiomboi likiwa mteremkoni, aliniwekea mezani mpira mwembamba mwekundu.

"Fundi, huu ndio mpira wa mkojo. Wazee wakizibwa, tunawapitishia huu. Lakini ni laini kama mlenda, unajikunja njiani. Nahitaji kitu cha kuuongoza."

Nilichukua spoku ya baiskeli. Nikainyoosha, nikaipinda ncha kidogo, kama kidole cha mzee anayeita mtu kwa siri. Nikaipiga tupa, nikaipiga msasa, nikaisugua kwa majivu na ngozi mpaka nzi akitua anateguka mguu. Juu nikaiwekea kizuizi cha skrubu, ili ncha isiweze kamwe kutokeza nje ya mpira na kumchoma mtu. Sista aliigeuza mbele ya dirisha akifumba jicho moja.

"Ikimchubua mgonjwa wangu hata mmoja, wa pili kuwekewa ni wewe."

Haikumchubua mtu. Basi akaja na la pili: viungio. Mpira ule lazima uungwe na mrija unaokwenda kwenye chupa, na viungio vya kioo vilikuwa vimevunjika vyote. Vingine vilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, nadhani hadi leo viko njiani. Nikakata bomba la shaba la stovu, nikalichonga pingili kama za muwa, ili mpira ukishavishwa usitoke. Sista alivuta kwa mikono miwili na mguu mmoja ukutani. Haukutoka. Nikauning'iniza umejaa maji kuanzia asubuhi hadi jioni, na chini nikaweka karatasi kavu. Hata tone.

Niliringa, jamani. Nilitembea kama mtu aliyegundua maji.

Kisha akaletwa baba mkwe wangu.

Alikuwa mzee wa Kinyangiri, mrefu, mwenye ng'ombe na maneno machache. Alikuwa amezibwa siku mbili na hakumwambia mtu, kwa sababu mke wake alikuwa msibani, na watu waliokuwa karibu naye ni binti zake na wakwe zake, na mambo ya chini ya kiuno hayasemwi kwa hao. Daktari alimwekea mpira, akasema kwa umri ule na hali ile atakaa nao maisha yake yote. Mzee alisikiliza, akajifunika shuka, akamwambia sista arudishe kitu hicho kilikotoka.

"Niingie kijijini na chupa ya mkojo mkononi, kama napeleka maziwa? Afadhali nife."

Hakuwa anatania. Siku zile watu walikuwa wameshahamishwa na serikali kutoka kwenye matembe yao, wako katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, mlango kwa mlango. Zamani mzee angejificha na chupa yake nyuma ya zizi, nani amwone? Sasa hata ukipiga chafya nyumba kumi zinakutakia afya. Na yeye ni mzee wa baraza, lazima akae mbele ya watu.

Sista alinifuata karakana. "Mkwe wako anataka kufa kwa aibu. Mtengenezee kitu."

Sikuweza kwenda kumuuliza. Kwetu mkwe haoni utupu wa mkwe, wala hautaji. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa wodi, nasema, "Shikamoo baba," anajibu, "Marahaba mkwe," kisha wote wawili tunatazama dari kana kwamba imeandikwa habari muhimu. Kwa hiyo sista akawa mjumbe wetu. Nilituma swali, akarudi na jibu.

Ndipo nikaikumbuka maiti ya karabai. Ilikuwa na koki ndogo ya shaba ya kutolea upepo, ukubwa wa kokwa ya embe dogo. Niliitoa, nikaisafisha, nikaunganisha na kiungio changu chenye pingili. Sasa mzee hahitaji chupa muda wote. Akifunga koki, mkojo unakaa ndani kama wa mtu mwingine yeyote, anavaa msuli wake, anakwenda barazani. Akiwa peke yake anafungua, anamwaga kwenye kibuyu. Nilikipiga kishikio chake alama za tupa ili aweze kukishika gizani bila kutazama, bila kuhitaji mkono wa mtu.

Sista akarudi. "Anasema ni nzuri. Ila inalia."

Kweli ililia. Kila ukiizungusha ilisema *ti*, kwa kufungua na kwa kufunga. Mzee alikuwa amesema, "Mwambie mkwe, watu wataisikia." Nikakata kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakiloweka kwenye mafuta, nikakitia ndani. Koki ikanyamaza. Ungeweza kuifungua masikioni mwa sungura.

Sista alimfundisha mzee na mke wake, mama mkwe wangu, namna ya kuchemsha na kuosha, na akawasisitizia jambo moja mara nyingi: isikae imefungwa muda mrefu. Jua likipanda afungue, likifika utosini afungue, likianza kushuka afungue. Mimi nilikuwa nje ya dirisha natengeneza bawaba, nikayasikia yote.

Mzee alipotoka hospitali alisimama mbele yangu, safari hii hakutazama dari. "Mkwe," akasema, "umenirudisha kwa watu." Nilipanda baiskeli kwenda nyumbani, na naapa magurudumu hayakugusa chini.

Ulipita mwezi na zaidi. Mzee akaenda barazani, akaenda msibani, akaamua kesi ya mbuzi. Halafu miguu ikaanza kumwishia nguvu, akawa hawezi kusimama mpaka mkewe amshike mkono. Niliposikia hivyo nikaenda kumsalimu, Jumapili moja ya masika.

Nilifika asubuhi. Aliniona kwa mbali, nikiwa bado nahangaika na tope. Nyumba yao ya kijiji kipya ilikuwa chumba kimoja tu. Katika tembe lake la zamani kulikuwa na mahali pa wageni na mahali pa mama. Hapa, nilipoingia kwa mlango, ilibidi mama mkwe ajifunike kanga usoni na kutoka, aende kukaa jikoni kwa jirani. Ndiyo adabu. Nilijisikia nimeheshimiwa.

Kisha ikanyesha. Sisemi mvua, sema mbingu zilipinduliwa. Korongo la njiani likajaa. Mimi nikakaa kwenye kigoda, mzee kitandani, na nikaanza kazi ninayoiweza kuliko ufundi, yaani kuzungumza. Nilimpa kisa cha fisi aliyenifukuza kutoka Ulemo mpaka akachoka, akaomba nimpakie kwenye baiskeli. Mzee alicheka. Nikampa kingine. Tukaletewa uji, akanywa kwa sababu mimi nakunywa. Nikampa cha tatu.

"Mkwe," akasema mchana, "naona mvua imepungua kidogo."

"Usinihofie, baba. Mimi sinyeshewi, napita katikati ya matone."

Akacheka tena, akashika tumbo. Baadaye akasema, "Nenda basi ukawasalimu majirani. Watasema nimekuficha."

"Majirani watangoja, baba. Leo nimekuja kwako."

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso na machozi yakamshuka mashavuni, nami nikaona, naam, leo nimemchekesha mzee mpaka analia. Nikamrudishia fisi kuanzia mwanzo, safari hii nikamwongezea fisi mke na watoto.

Niliondoka saa kumi na moja, korongo liliposhuka. Aliniaga vizuri. Aliuweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono wa moto.

Usiku ule alishikwa na homa na kutetemeka. Kesho yake wakamleta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari alisema mkojo ulirudi juu kwenye figo, na figo zilikuwa zimechoka siku nyingi. Alisema huenda zingeshindwa hata bila hivyo. Neno hilo, huenda, nimejaribu kulikalia kama kigoda miaka yote hii, na halikaliki. Siku ya nne mzee akafariki.

Sista aliniletea koki ile karakana, imechemshwa, imefungwa kwenye bendeji. Hakutania. Aliiweka mezani karibu na jiliwa la kubania vyuma akaondoka.

Baada ya matanga mama mkwe aliniita. Alikaa amenipa mgongo, kanga imemfunika kichwa, na ndiyo mara ya kwanza aliyosema nami maneno zaidi ya salamu.

"Usijiulize sana, mwanangu. Alipokuona unakuja alifunga. Nilikuja mlangoni mara mbili, nikasikia sauti yako, nikarudi jikoni. Ulipoondoka nikamwambia, kwa nini hukumwambia atoke kidogo? Akasema, mkwe aliyevuka tope kuja kunisalimu, nimtoe nje kwenye mvua kwa ajili ya mkojo?"

Siku ile baiskeli niliisukuma kwa mkono mpaka nyumbani.

Nikijitetea husema mvua ililificha jua, hakujua saa. Si kweli. Alijua, na mimi nilijua, maana yale ya jua kupanda na kushuka niliyasikia kwa masikio yangu dirishani. Tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja, wote tunajua, na katikati yetu koki niliyoitengeneza isisikike.

Niliwatengenezea wazee wengine koki, maana walizihitaji. Ila kile kipande cha ngozi sikukitia tena. Sista aliniletea malalamiko: wazee wanasema inalia, wanaona haya.

"Iache ilie, sista."

Alinitazama kidogo, akaokota zile alizozifuata, akaenda nazo. Jioni nilipokuwa nafunga karakana nilizisikia upande wa wodi ya wanaume, *ti*, halafu mbali kidogo, *ti*. Nilisimama na ufunguo mkononi nikisikiliza mpaka wakaanza kuwasha taa.

Nyumbani mke wangu alikuwa akiwatandikia watoto mkeka. Wakaniomba kisa cha fisi wa Ulemo. Nikawaambia yule fisi alikwishahama.