Hisa za Benki ya Baba wa Ubatizo

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa nimesimama nje ya kanisa hapa Songea, Misa imekwisha, watu wamepanga foleni mbele ya meza ndogo wananunua hisa za benki. Na mimi nimo kwenye foleni, bahasha ya kiinua mgongo iko ndani ya shati, imeloa jasho. Kila anayetoka pale mezani anacheka. Mimi nahesabu waliobaki mbele yangu, naomba wasiishe. Usinicheke. Mimi ni mtu wa hofu tangu kuzaliwa, hata kuku akikohoa nashtuka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria, serikali imewaachia watu binafsi biashara. Nilikuwa karani wa ghala la ushirika, ushirika ukayumba, tukapunguzwa kazi. Kiinua mgongo nilichopewa ndicho kilikuwa kila kitu nilichonacho duniani. Mama yako Gaudensia ana mimba yako, tumepanga chumba kimoja Bombambili, bati linavuja juu ya kitanda. Hela ile ikipotea, sina kazi, sina shamba la maana, na mtoto yuko njiani. Basi fikiria mwenyewe.

Benki ilikuwa ya wananchi, ndogo, chumba kimoja chenye dirisha la nondo karibu na soko. Ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kufunguliwa, na mwaka ule ule ikatoa gawio, yaani ikawagawia wenye hisa faida. Ee bwana wee! Gawio lile liliwatia watu wazimu. Jirani yetu alinunua sufuria kwa gawio lake, akaipitisha nyumba kwa nyumba tuione. Sasa benki inauza hisa mpya, na mwisho ni Jumamosi inayofuata. Kila mtu anakwambia fuata nyuki ule asali.

Na mwenyekiti wa benki, aliyeketi pale mezani, alikuwa Mwalimu Longino, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu, tena baba yangu wa ubatizo. Yeye ndiye aliyesimama na wazazi wangu siku niliyomwagiwa maji kichwani. Sasa mtu kama huyo utamuuliza nini? Kwetu kumuuliza mzee wa namna ile habari za hesabu ni sawa na kumwambia mwizi. Kwa hiyo foleni nzima hakuna aliyeuliza neno. Mtu anafika mezani, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba mwanangu," hela inatoka.

Nilipobakiza watu wawili nikashindwa. Nikasingizia tumbo la kuhara, nikapanda baiskeli hadi Matogoro kwa shangazi yangu Xaveria, dada wa marehemu baba. Huyo alikuwa na ulimi wa pilipili, Mungu amrehemu. Nilimkuta jikoni anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akanipa kikombe cha togwa, nikamweleza yote huku nikijifuta jasho. Hata pole hakunipa.

"Kwa hiyo unataka kuiposa hiyo benki," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Nani amekwenda kuchungulia kwao?"

Hapo sharti nikufafanulie, maana ninyi wa siku hizi mnachumbiana kwa simu. Katika ukoo wetu kijana akipata mchumba, shangazi ndiye anayetumwa kuichungulia kaya ya wakwe. Na hatumwi Julai, vihenge, maghala yetu ya mahindi, vikiwa vimejaa. Anatumwa Februari, mvua inamwagika, mahindi ya zamani yanakaribia kwisha na mapya bado mabichi shambani. Anafika bila taarifa, anaomba maji ya kunywa, kisha macho yanafanya kazi. Kaya inayokula vizuri Februari, huko oa.

"Julai hata mvivu anashiba," shangazi akaniambia. "Hilo gawio mlilopagawa nalo lilitolewa mwezi gani?"

"Baada ya mavuno."

"Aa! Baada ya mavuno!" Akalitupa gunzi motoni. "Na Februari hiyo benki inakula nini? Imemkopesha nani? Wakishindwa kulipa, ina akiba kihengeni, au itakwenda kuomba unga kwa jirani? Na wewe ndoa ikikushinda, mahari inarudi?"

Kila swali nikajibu sijui. Nilijiona mjinga, na hofu ikazidi, maana kumbe hata nilichokuwa nakiogopa nilikuwa sikijui.

"Unataka kutoa chakula cha mtoto wa Gaudensia, na kila nikikuuliza unasema sijui!"

"Shangazi, yule ni baba yangu wa ubatizo. Nitaanzaje kumuuliza?"

Akaacha kupukuchua, akanikazia macho. "Sikiliza, baba. Heshima ni ya Mwalimu, mpe yote. Hela ni ya mtoto. Usimlipe Mwalimu heshima kwa hela ya mtoto. Kuuliza si ujinga wala si matusi. Ondoka hapa, nenda kachungulie."

Jumatatu nikaizunguka ile benki kwa baiskeli mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka. Mwishowe nikaingia. Mwalimu akafurahi kuniona.

"Karibu, Kasiani. Umeleta?"

"Shikamoo, baba. Sijaleta. Nimekuja kuuliza kwanza."

Akavua miwani. Nikajua nimekwisha. Lakini maneno yalishatoka, nami nikayamwaga yote yale ya shangazi, nikichanganya mahari na mikopo, kihenge na hisa. Mzee akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Karibu mikopo yetu yote ni ya mahindi," akasema taratibu. "Wakulima tumewakopesha mbolea, wafanyabiashara tumewakopesha hela ya kununulia mahindi hayo hayo. Zamani serikali ilinunua, hata kama kwa kuchelewa. Sasa ni soko huria. Wanunuzi wakija, tutalipwa. Wasipokuja, Kasiani…"

"Na akiba?"

"Ndogo. Mimi nilitaka lile gawio tuliweke akiba. Wajumbe wa bodi wakasema watu wafurahishwe kwanza ili wanunue hisa nyingine. Wakanishinda."

"Na nikitaka kutoka?"

"Hisa si amana, mwanangu. Amana, ile hela unayoiweka, unaifuata pale dirishani. Hisa mpaka umpate mtu wa kukununulia, na mwaka wa shida utampata wapi?"

Nikamuuliza kwa nini watu hawaambiwi. Akasema kwenye mkutano wa wenye hisa, kabla ya gawio kutolewa, alisoma hesabu zote, ukurasa kwa ukurasa, na watu wakampigia makofi. "Hakuna aliyenyoosha mkono. Kiinua mgongo changu chote kimo humu humu, na usingizi sipati. Watu wananiamini mpaka naogopa."

Mwanangu, nilimtazama mzee yule, roho ikaniuma sana. Nilikwenda pale nikidhani mwenye hofu ni mimi peke yangu.

Sikukimbia moja kwa moja. Benki ile ilikuwa ya kwetu, na bila ya watu wa kwetu isingesimama. Nikanunua hisa chache, za kiasi ambacho kikizama mama yako atanuna wiki moja kisha atapika. Kwa hela iliyobaki nikanunua kiwanja Matogoro na bati. Jirani mwenye sufuria alinicheka waziwazi, eti mwoga hali cha moto. Nami nikawa natembea na wasiwasi mwingine sasa, kwamba pengine nimewakosesha ninyi utajiri.

Msimu uliofuata mahindi yalikubali ajabu, na wanunuzi hawakuja. Magunia yalipangwa barazani hadi wadudu wa dumuzi wakayageuza unga. Waliokopa hawakulipa. Watu wakaikimbilia benki kudai hela za hisa zao, wakajibiwa kwamba hisa hazirudishwi. Pale ndipo wengi walipojua maana ya neno hisa. Jirani akauza mbuzi wake wote apate ada ya wanawe. Na Mwalimu Longino, mwanangu, aliitwa mwizi sokoni mchana kweupe, na watu aliowafundisha kusoma.

Jioni ile alikuja kwetu kwa miguu. Ulikuwa na miezi michache. Akakupakata.

"Wangeniuliza watu kumi tu mkutanoni kama ulivyoniuliza wewe," akasema, "ningewashinda wale wajumbe. Lile gawio lisingetoka. Leo tungekuwa na kitu kihengeni." Kisha akalia, mzee mzima, machozi yanakudondokea wewe.

Benki haikufa, lakini ilichechemea miaka mingi bila gawio. Mwalimu alifariki na hisa zake zote, hakuna aliyetaka kuzinunua.

Sasa jana umenipigia simu, umefurahi, kuna benki ndogo ya wananchi huko uliko inauza hisa, na mwenyekiti ni mtu wa watu. Simkatai mwenyekiti wala benki. Ila nenda kaichungulie katika mwezi wake wa njaa. Jua inamkopesha nani, na kama wote wanavuna zao moja na kuuza kwa mtu mmoja, shtuka. Angalia inachobakiza kabla ya kushangilia inachogawa. Ada ya wanao usiitie humo kabisa, maana hisa haina mlango wa nyuma. Na siku ya mkutano, watu wakianza kupiga makofi, wewe nyoosha mkono. Utatetemeka, najua, damu yangu hiyo. Nyoosha hivyo hivyo. Ukikaa kimya kwa heshima unamwacha mzee wa watu peke yake na mzigo.

Haya, mwanangu. Mungu akutangulie, akulindie jasho lako na watoto wako, akujalie mdomo wa kuuliza na moyo wa kulipokea jibu usilolipenda. Amina.