Bukari ya Teketeke

Harufu ya unga wa mahindi ulioshika chini ya sufuria hunirudisha mtaa wa Panda, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu. Nina miaka kumi, machozi yananitoka na mwiko umenigomea mkononi.

Mama alikuwa ametoka hospitali. Mdogo wangu alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alimkataza mama kuinua kitu kizito au kusonga bukari, ugali wetu, kwa miezi mitatu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Kakanda kutusaidia kwa siku chache. Alikuwa mwema, ila mdomo wake haukuwa na breki. Aliubinya mkono wangu namna watu wanavyobinya kuku sokoni, akamwambia mama:

«Huyu mutoto hana na nguvu. Nitaenda naye Kakanda, Béa wangu akuje hapa kukusaidia.»

Béa, binti yake, alikuwa na miaka kumi na sita na mabega ya mpakia mizigo. Nyumba yetu ya vyumba viwili isingetutosha sote. Niliogopa sana kutenganishwa na mama, nikaomba nipike mimi jioni ile. Shangazi akacheka, akasema sawa, baba ndiye atakayeamua.

Maji yalipochemka na uji kutokota, niliteremsha sufuria kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikaibana kwa nyayo zilizofungwa matambara kama mama alivyozoea. Nikaanza kutia unga. Ulipokaza, mikono ilinitetemeka hadi mabegani na mabonge yakajitokeza. Mama alikuwa amelala mkekani karibu na mlango.

«Usilie, Mado,» alisema. «Ongeza mayi kidogo.»

Niliongeza. Kilichotoka hakikuwa bukari wala uji.

Baba alirudi kutoka kiwandani, alikoshinda akisukuma vigari vya madini. Wanaume wa kazi ile walitaka bukari inayosimama, inayokaa tumboni hadi kesho. Alinawa, akamega, na tonge likamteleza vidoleni. Shangazi alikuwa akimtazama usoni.

Baba akalamba vidole taratibu, akamgeukia dada yake. «Yaya, meno inaniuma siku hizi. Hii ya teketeke njo minapenda. Umuache mutoto apike.»

Jumatatu shangazi alirudi Kakanda peke yake.

Nikawa napika kila jioni. Kila Jumapili mama aliniambia niongeze konzi moja ya unga, moja tu, na mimi nilitii bila kuuliza. Siku aliporuhusiwa kushika mwiko tena, bukari yangu ilikuwa inasimama, na kwenye mikono yangu kulikuwa na vijivimbe vigumu vya misuli ambavyo niliwaonyesha wasichana wote wa mtaa. Nilimwuliza baba kama bukari hiyo haimuumizi. Akasema meno yamepona.

Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mke wa mtu. Siku moja nilimwona baba, na mvi zake zote, akivunja mfupa wa mbuzi kwa meno, nikamkumbusha maumivu yake ya zamani. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Akasema baba hakuwahi kuumwa jino maishani mwake. Miezi ile mitatu alirudi kazini kila asubuhi na tumbo jepesi, akingoja mikono yangu ikue, na hakuna aliyeniambia.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu. Mwalimu wa mazoezi alieleza kwamba aliwaning'iniza watoto kwa mikono kwenye chuma kupima nguvu zao, na zaidi ya nusu wakaachia kabla hajahesabu kumi. Binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa mmoja wao. Wazazi tulicheka, tukasema watoto wa siku hizi wamekuwa laini, sisi tulikuwa chuma. Mimi nilicheka kuliko wote.

Njiani kurudi nyumbani aibu ilinishika. Binti yangu hujaribu kusonga bukari. Akichoka kidogo tu, mimi humnyang'anya mwiko nikamalizia mwenyewe, kwa sababu nimetoka kazini na njaa, na bukari ya teketeke siipendi.