Kalamu na Karamu

Mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu, Tabora, darasa letu lilikuwa na watu wa aina mbili. Sisi tuliotoka moja kwa moja sekondari tulikuja na mambo yetu, wavulana na suruali zao pana za bugaluu, wasichana na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Tukiulizwa malengo, tulijibu "kujenga taifa", huku mioyo iko Dar es Salaam. Wenzetu walikuwa watu wazima waliofundisha vijijini miaka mingi bila cheti. Wao walitaka cheti warudi nyumbani, basi.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa darasa la pili kijijini kwetu Ziba. Siku ya kwanza nilimwona kwenye foleni ya uji, bakuli mkononi, nikakosa pa kuweka uso. Chuoni sote tuliitana ndugu, na kiranja wetu, kijana mwenye mdomo, alishatangaza kwamba shikamoo ni mambo ya kimwinyi. Nimwite ndugu mtu aliyenishika mkono nikaandika jina langu? Ulimi uligoma. Nikawa namkwepa, nikimwona upande huu, napita ule. Naye hakunisemesha. Nilijua ananistahi, na hilo liliniumiza zaidi.

Kisha likaja zoezi la kufundisha. Kila mmoja alifundisha mbele ya wenzake, na mwanafunzi mmoja aliteuliwa kumkosoa. Aliyeshindwa alirudishwa kwao, na aliyekosoa kwa upole aliambiwa analea uzembe. Zamu ya mwalimu wangu ilipofika, mkufunzi akanyoosha kidole kwangu.

Alifundisha vizuri, Mungu ni shahidi, kwa sauti ileile ya Ziba. Lakini ubaoni akaandika: "Mtoto ana karamu mpya." Nyuma wakaanza kucheka chini chini.

Kwetu herufi l na r hubadilishana zitakavyo. Mimi mwenyewe nilifika sekondari na ugonjwa huo, nikachekwa mpaka nikawa napima kila neno kabla ya kulitoa. Sasa nilisimama. Nikisema, huenda namrudisha kijijini mikono mitupu. Nikinyamaza, darasa zima limeshaona.

"Ndugu mkufunzi," nikaanza, "somo limeeleweka. Ila pale ubaoni kuna kosa. Mtoto hana karamu ya kula. Ana karamu ya kuandikia."

Darasa likaangua kicheko. Nikajaribu tena, likatoka lilelile. Mkufunzi akagonga meza.

"Wewe, nani alikufundisha Kiswahili?"

Nikakodolea macho ubao. Singemtaja hata kwa viboko.

"Ni mimi," mwalimu wangu akasema kutoka ubaoni. "Darasa la pili. Kosa hilo kalitoa kwangu. Kama kuna wa kurudishwa, ni mimi, yeye mwacheni."

Kicheko kikakatika. Akaugeukia ubao, akaifuta ile r kwa kidole, akaandika l kubwa, polepole, kama alivyokuwa akituandikia zamani. Kisha akanitazama.

"Haya, mwanangu. Soma."

"Shikamoo, mwalimu," nikasema kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"Marahaba. Soma."

"Mtoto ana kalamu mpya."

Nikamtazama mkufunzi. Alikuna kidevu.

"Endelea na somo," akamwambia hatimaye, "mwalimu."