Likizo ya Ufukweni, Nyamirambo

Wiki hii nilikwenda studio moja ya mtaa wetu wa Nyamirambo, mbali na bahari yoyote, kupigwa picha ya pasipoti, nikiamini sura yangu bado inavumilika. Nilikuta familia imenitangulia: dereva wa lori, mkewe na binti zao wawili, wamesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari, mchanga na nyumba nyeupe yenye roshani.

Mpiga picha alininong'oneza kwamba dereva alimwahidi mkewe likizo ya Mombasa tangu walipooana, na sasa vita vimefunga barabara.

"Mama watoto, bahari iko hapa," dereva alisema, akikwepa macho ya mkewe.

Mke alilikagua pazia toka juu hadi chini, hata nikaanza kumhurumia mume. Kisha akauliza, "Chumba yetu ni gani?"

"Ile ya juu. Ukifungua dirisha, unaona maji yote."

"Na watoto?"

"Chini, karibu na mchanga."

Mama akainama, akavua viatu. "Vueni wote. Mchanga itaingia." Wakajipanga peku kwenye sementi baridi, binti mdogo akapandisha gauni lisilowe.

Mimi nimewahi kulala wiki nzima katika nyumba halisi ya ufukweni, na ninachokumbuka ni ugomvi wangu na mwenye nyumba kuhusu chandarua. Zamu yangu ilipofika, bahari ikafunikwa kwa kitambaa cheupe, nami nikajikuta navua viatu.

"Mzee, picha ya pasipoti haionyeshi miguu," mpiga picha alisema.

"Najua," nikamjibu. "Piga tu, kabla maji hayajajaa."