Shimo la Nguzo ya Pili

Msomaji, haya yalitukia, wala sikuyatia chumvi. Nilitumika katika masijala ya ardhi hadi nikastaafu, na jambo nisilolihakiki sikuliandika hata siku moja. Hili nililiona mchana kweupe, hapa Bondeni, na mke wangu ni shahidi.

Mbele ya nyumba yetu pana njia fupi ya gari. Kila alasiri binti yangu Rukia huegesha hapo, akateremsha wajukuu wangu wawili, nao hucheza papo hapo. Waendesha bodaboda walikwisha pafanya njia yao ya mkato. Nililalamika kwa maandishi, sikujibiwa. Basi nikaazimia kutengeneza lango mwenyewe.

Nguzo nilizichagua kwa mkono wangu: boriti mbili za mkoko, nene kama paja. Niligonga moja baada ya moja mpaka nikapata zenye mlio wa mti mzima, nikazipaka lami chini ili mchwa wasizikaribie. Fundi Mutua akachimba. Ya kwanza tukaisimamisha kwa timazi, tukaimiminia zege. Shimo la pili lilipofika futi mbili, Mutua akaenda kula.

Nilipogeuka, palikuwa na mtu amesimama katikati ya zege bichi, mkono wake juu ya nguzo yangu. Kanzu safi, umri hauzidi miaka thelathini.

"Mti huu umesimama sawa," akasema. "Huo wa pili uwate, usiusimike, mwanangu. Hapo pana kisima."

Mwanangu? Mimi, mwenye mvi mpaka nyusini? Nikamjibu kwamba ramani ya kiwanja hiki ninayo, nayo haina kisima, na kwamba ameniharibia zege.

"Ramani imekuja nyuma," akasema, kama anayenihurumia. "Kisima nilikifunika mimi, kwa boriti kama hizi. Zimeoza."

Akaondoka taratibu, akapinda kona. Niamini, nilikuwa na hasira, si hofu. Nikainama kulisawazisha zege alilolikanyaga. Halikuwa na alama yoyote, hata ya kidole.

Mke wangu akatoka jikoni. "Yule mgeni yuwapi? Nimempakulia wali. Wamsimamisha mtu juani kumsomea ramani?"

Mutua aliporudi nikamweleza. Akacheka. "Mzee, zege likishaanza kushika haliachi alama."

"Basi kanyaga wewe."

Akakanyaga. Kiatu kikazama hadi kifundoni, na kicheko kikamkatikia. Akachukua mtaimbo, akaudunga katika shimo la pili. Ukapenya. Ukamponyoka mikononi, na sote watatu tukausikia ukipiga maji huko chini, baada ya muda ambao sipendi kuukumbuka.

Nikampigia simu Rukia. Alikuwa njiani na watoto. Nikamwambia asimame barabarani, asiingize hata gurudumu moja. Alipofika, ardhi tuliyoichokoza ilikwisha bomoka: tundu la upana wa meza, limeingia mpaka mahali hasa anapoegesha. Niliwashika wajukuu wangu mikono, nisiwaachie mpaka magharibi. Je, wewe ungewaachia?

Kisima tumekijengea ukuta na kukifunika kwa bamba la chuma. Lango nimelihamishia upande wa pili; limekuwa jembamba, gari haliingii, huachwa barabarani. Mimi, ambaye jirani zangu wananijua kwa malalamiko, juu ya hili sina hata moja. Yule mtu nimemuulizia misikiti yote ya jirani, na hakuna anayemjua. Kila Ijumaa mke wangu hupakua sahani moja zaidi, nami humsomea Fatiha huyo aliyekifunika kisima, yu hai au amekufa.

Nawe unayetaka kusimika nguzo katika mitaa hii ya zamani, dunga chuma kwanza. Na mtu usiyemjua akikwambia usichimbe, mpe kiti, mpe maji, umsikilize mpaka amalize. Ubishi hautakimbia, mtoto akitumbukia harudi.